Habari za Mkataba, Tangu Kipande hata Nyamongo

Neno mkataba si geni katika nchi yetu ya Mara. Mwalimu anao, mlinzi wa lango anao, dereva wa magari makubwa ya mgodi anao. Na mzee ambaye shamba lake limepimwa ili lichimbwe, yeye naye huletewa karatasi, akaambiwa atie sahihi au dole gumba. Karatasi hizo si za namna moja, lakini swali lake ni moja: je, huyo aliyetia sahihi alikuwa na neno lolote katika yaliyoandikwa, au aliletewa tu shauri lililokwisha kukatwa? Katika kurasa hizi nataka kueleza habari za swali hilo tangu siku za kipande hata siku za mgodi wa Nyamongo, ili wasomaji wa Tarime na wa Serengeti wapime wenyewe mahali tulipofika.

Hapo kale kazi kubwa katika nchi yetu ilifanywa kwa kuitana. Mwenye shamba aliwaita jirani, wakalima pamoja, wakala na kunywa kwake, na siku nyingine yeye naye akaenda kulima kwa wenzake. Hapakuwa na karatasi, kwa maana kila mtu alimjua mwenzake, na mvunja ahadi hakuwa na mahali pa kujificha. Kazi ya ujira ni jambo jingine. Mwajiri ni mgeni, mfanyakazi ni mmoja katika mamia, na ahadi ya mdomo husahauliwa upesi na yule ambaye kuisahau kwamfaa. Ndipo karatasi ikahitajiwa.

Serikali za kikoloni zilipotoza kodi ya fedha, vijana walilazimika kutafuta shilingi. Wengine walivuka mpaka wakaenda Kericho kwenye mashamba ya chai, wengine wakaingia jeshini, na katika miaka ya 1930 migodi ya dhahabu ya wilaya ya Musoma ya zamani, kama ile ya Buhemba na ya Kiabakari, nayo ikataka mikono. Siku hizo kazi ya ujira ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni kazi ya kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi thelathini. Mtu alipomaliza kazi aliyopimiwa, nafasi moja ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa alama thelathini zilipotimia. Kwa desturi kadi ilipasa kumalizika katika siku 42. Asiyemaliza kazi ya siku hakupata alama, hata kama jasho lilikuwa limemtoka tangu alfajiri.

Namna ya pili ni mkataba wa miezi mingi, ulioshuhudiwa mbele ya ofisa wa serikali, kwa watu waliochukuliwa mbali na kwao. Mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro yalikusanya watu wa namna hiyo kutoka pande nyingi za nchi, na tangu mwaka 1944 kazi ya kuwakusanya na kuwasafirisha ilishikwa na ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Watu hao wakaitwa manamba, kwa sababu ya namba waliyopewa kila mmoja.

Tukiutazama mkataba huo wa zamani twaona jambo baya na jambo jema. Baya ni hili: Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilifanya kuvunja mkataba kuwa kosa la jinai. Mfanyakazi aliyetoroka aliweza kutozwa faini, hata kufungwa. Haki iliyopasa kuwa ya pande mbili ikaelemea upande mmoja, kama mzigo uliofungwa vibaya juu ya punda. Jema ni kwamba mtu aliyechukuliwa mbali kwa mkataba alistahili kurudishwa kwao. Wazo hilo, kwamba anayekuhamisha ana wajibu wa kukurejesha au kukutengenezea, tulikumbuke, maana tutalikuta tena mbele.

Walioanza kulijibu swali letu kwa kauli moja walikuwa wapakuzi wa shehena katika bandari ya Dar es Salaam. Waliajiriwa kwa siku: leo yupo, kesho hayupo. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943. Mwezi wa Septemba 1947 waligoma mara ya tatu, na safari hiyo moto haukubaki bandarini. Watu wa reli wakawafuata, na mgomo ukapanda bara kwa njia ya reli, Morogoro, Dodoma, hata Tabora. Serikali ikaunda baraza la usuluhishi, na mishahara ya bandarini ikaongezwa. Wapakuzi wakaandikisha chama chao. Lakini mwaka 1950, baada ya mgomo mwingine ulioingia ghasia, chama hicho kikafutwa. Watu hawakukata tamaa. Mwaka 1955 vyama mbalimbali vikaungana katika Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika, katibu wake mkuu akiwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu.

Uhuru ulipopatikana wengi walidhani kwamba vyama vya wafanyakazi vitapata nguvu zaidi. Havikupata. Sheria ya mwaka 1962 ilifanya mgomo halali kuwa jambo gumu sana, na mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, shirikisho likavunjwa na chama kimoja tu, NUTA, kikawekwa mahali pake. Katibu wake mkuu aliteuliwa na Rais. Serikali ilisema kwamba nchi changa yahitaji kujenga kwanza na kugombana baadaye. Ilimpa mfanyakazi ulinzi asifukuzwe ovyo, ila ilimwondolea sauti yake mwenyewe. Mtu aliyelindwa hivyo ni kama mtoto aliyebebwa mgongoni: yuko salama maadamu anayembeba hajachoka. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yalipouzwa na viwanda vingi kufungwa, yule aliyembeba akamtua, na miguu ilikuwa haijazoea kutembea.

Vyama vya kujitegemea vikazaliwa tena, kila kimoja kwa kazi yake. Wafanyakazi wa migodi, nishati na ujenzi wakapata TAMICO. Mwaka 2004 Bunge likapitisha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ina mambo ambayo kila kijana wa kwetu aingiaye kazini yafaa ayajue. Mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Chama chenye wanachama walio wengi ndicho kizungumze kwa niaba ya wote na kufunga mkataba wa hali bora. Mwajiri atakaye kupunguza watu atoe kwanza taarifa na kushauriana. Na mfanyakazi aliyeajiriwa mbali, kazi ikikoma, asafirishwe yeye na mizigo yake hata mahali alipoajiriwa, au apewe nauli. Hapa lile jema la mkataba wa zamani limerudi, bila ile jela yake.

Sheria hiyo inaruhusu mgomo, lakini imeuwekea milango mingi. Mgogoro hupelekwa kwanza kwa wasuluhishi. Siku 30 zikipita bila mapatano, hupigwa kura, kisha hutolewa taarifa ya saa 48. Atakayeruka mlango mmoja, mgomo wake si halali. Jambo hilo lilionekana waziwazi mwezi wa Oktoba 2007 katika mgodi wa Bulyanhulu, nchi ya Kahama, ambao ulikuwa wa kampuni ya Barrick ya Kanada. Wafanyakazi wa chini ya ardhi, pamoja na TAMICO, walidai habari za mishahara, posho na matibabu. Mazungumzo yakakwama, wakagoma. Kampuni ikatangaza kwamba mgomo si halali, ikawaachisha kazi watu wengi mno, kisha ikawaita waombe kazi upya. Baadhi walirudishwa, baadhi hawakurudishwa, na mashauri yakaenda mbele ya vyombo vya sheria. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita tangu mgomo wa bandarini, na bado mfanyakazi aliweza kulala na kazi akaamka bila kazi. Tofauti ni kwamba sasa hakuna aliyefungwa kwa kuacha kazi, na mlango wa baraza la usuluhishi ulikuwa wazi. Hiyo si tofauti ndogo, lakini haitoshi kumlisha mke na watoto mwezi ule ule.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana ng'ambo yako mambo yatakayotusaidia kuyaelewa ya Nyamongo. Kampuni ya Boeing ya Marekani hutengeneza ndege, na viwanda vyake vikubwa viko katika jimbo la Washington. Mafundi wake wana chama cha siku nyingi. Mwaka 2008 waligoma kwa muda wa miezi miwili hivi. Mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kwamba sehemu ya kazi ya ndege mpya itafanyiwa katika jimbo la South Carolina, mbali sana, mahali ambapo vyama vya wafanyakazi ni dhaifu. Mwaka 2011 idara ya serikali iliyo juu ya mambo ya kazi ikaishitaki kampuni, ikisema kwamba hiyo ni adhabu kwa waliogoma. Kabla ya mwaka huo kwisha chama na kampuni wakapatana, na shitaka likaondolewa.

Lakini tishio la kuhama halikwisha. Mwezi wa Novemba 2013 kampuni ilileta mkataba mpya uliokomesha pensheni ya namna ya zamani. Mafundi wakaukataa kwa kura nyingi. Kampuni ikaanza kuuliza majimbo mengine ni lipi litakalopokea kazi ya ndege nyingine mpya. Mwezi wa Januari 2014 kura ikapigwa tena, na safari hii mkataba ukapita kwa asilimia 51 tu. Kazi ikabaki, pensheni ikaondoka. Mafundi wakangoja miaka kumi. Mkataba ulipokwisha, Septemba 2024, watu kama 33,000 waligoma siku 53, wakapata nyongeza ya mshahara ya asilimia 38 katika miaka minne. Hata hivyo ile pensheni hawakuipata. Kilichotolewa siku ya hofu ni kigumu kurudi, hata siku ya nguvu.

Basi tutazame tofauti kati ya kiwanda na mgodi. Mwenye kiwanda akiona wafanyakazi wamekuwa wakaidi aweza kusema, “Nitahamisha kiwanda.” Mashine hupakiwa, zikaenda. Mwenye mgodi hawezi kusema hivyo, kwa sababu dhahabu imekaa katika vilima ilimowekwa na Muumba. Mtu angedhani basi kwamba watu wa mahali penye mgodi wana nguvu zaidi kuliko mafundi wa Boeing, maana kampuni haina pa kukimbilia. Mambo yamekuwa kinyume. Kwa kuwa mgodi hauwezi kuhama, wanaohama ni watu. Kiwanda huwaacha watu mahali pao bila kazi. Mgodi huwaondoa watu mahali pao ili kazi ifanyike.

Hiyo ndiyo habari ya Nyamongo. Wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba huko kabla ya kampuni kubwa kuja. Mwaka 2002 kampuni ya Afrika Mashariki Gold Mines ilianza uchimbaji mkubwa. Mwaka 2003 mgodi ukaingia mikononi mwa Placer Dome ya Kanada, na mwaka 2006 Barrick ikainunua Placer Dome. Mwaka 2010 ukawekwa chini ya African Barrick Gold, ambayo mwaka 2014 ilibadili jina ikawa Acacia. Mwaka 2019 Barrick ikaichukua tena yote, na kwa mapatano na Serikali ikaundwa kampuni ya Twiga, Serikali ikipata hisa asilimia 16. Nimezitaja zamu hizo kwa kusudi. Katika miaka isiyotimia ishirini jina la mwenye mgodi limebadilika mara nyingi, lakini mzee wa Kewanja au wa Nyangoto aliyeahidiwa jambo na wa kwanza alilazimika kumwendea wa pili, na wa tatu, akiulizwa kila mara, “Karatasi iko wapi?” Mali bila daftari hupotea bila habari, na ahadi vivyo hivyo.

Mashimo ya Nyabirama, Nyabigena na Gokona yalipopanuka, nyumba na mashamba yalipimwa, watu wakahama. Sheria ya nchi yetu haikunyamaza katika jambo hili. Kwa kanuni za mwaka 2001 fidia si bei ya nyumba na mazao peke yake. Imo thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, gharama ya usafiri, posho ya malazi, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Tena yapasa ilipwe upesi, na ikicheleweshwa zaidi ya miezi sita huongezwa riba. Hata hivyo malalamiko ya Nyamongo kwa miaka mingi yamekuwa hayo hayo: kwamba tathmini ni ndogo, kwamba malipo yamechelewa, kwamba mtu amekatazwa kuendeleza shamba lililopimwa na bado hajalipwa. Mwaka 2020 yalitolewa malipo ya mabilioni ya shilingi kwa wakazi waliokuwa wamengoja muda mrefu. Mwaka 2022 na 2023 manung'uniko yakasikika tena, safari hii Komarera. Mashirika ya haki za watu yalisema kwamba wengine walishurutishwa kukubali, nayo kampuni ikakana.

Yafaa kusema kweli na upande wetu. Kulitokea Nyamongo jambo liitwalo tegesha. Watu walipopata fununu kwamba eneo fulani litatwaliwa, walijenga vibanda upesi upesi na kupanda miche iliyobanana, ili siku ya kupima wahesabiwe. Wengine walikuwa wageni kabisa, waliokuja kutega kama mtu ategavyo kwale. Tegesha iliwaumiza zaidi wenyeji wa haki. Mthamini alianza kumshuku kila mtu, hata mjane mwenye nyumba ya miaka thelathini. Tena wako waliopokea fedha yote kwa mara moja, wakaitumia kwa sherehe na pikipiki, na mwaka ulipokwisha hawakuwa na shamba wala fedha. Shamba huzaa kila mwaka. Fedha ya fidia huvunwa mara moja.

Mahali pasipo baraza la kusikilizana, watu hutafuta njia nyingine. Mwezi wa Desemba 2008 kundi kubwa liliingia mgodini na kuharibu mitambo. Mei 16, 2011 polisi waliwapiga risasi watu walioingia mgodini kutafuta mawe ya dhahabu, wakafa wasiopungua watano. Vijana waliotoka Tarime kutafuta mkate walirudi kwa mama zao ndani ya sanda. Mwaka 2013 baadhi ya walioumia na jamaa za waliokufa waliishitaki kampuni mbele ya mahakama ya London, na mwaka 2015 shauri likaisha kwa mapatano nje ya mahakama. Mambo ya maji nayo yamo. Mwaka 2009 maji machafu ya mgodi yaliingia katika mto Tigithe, nao huingia katika mto Mara, na ng'ambo ya Mara ni Serengeti. Kwa hiyo msomaji wa Serengeti asidhani kwamba habari hii ni ya watu wa Tarime peke yao.

Sasa tukiweka mambo haya bega kwa bega twaona upungufu wetu uko wapi. Fundi wa Boeing alipoletewa karatasi mbaya, aliipigia kura pamoja na maelfu ya wenzake. Mchimbaji wa Bulyanhulu alikuwa na chama, na ingawa alishindwa siku ile, alikuwa na mahali pa kusimama na kudai. Lakini mwenye shamba wa Nyamongo aliingia chumbani peke yake, akakaa mbele ya mthamini, mwanasheria na karani, akaonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Naye kibarua wa kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa yu karibu na hali hiyo hiyo, maana mkataba wake ni mfupi, na chama humfikia kwa shida.

Je, wanakijiji hawana chama? Wanacho, ila hawakitumii ipasavyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi ya kijiji ikitakiwa kutwaliwa, mkutano mkuu wa kijiji upewe habari na usikilizwe, na kama eneo halizidi hekta 250 mkutano huo waweza kukubali au kukataa. Mkutano mkuu ni wa kila mtu mzima wa kijiji, mume kwa mke. Nasi Wakurya twajua jambo hili tangu kale, maana iritongo lilipoitwa, shauri la jamii lilikatwa mbele ya watu wote, wala hakuna mmoja aliyeuza neno la wenzake usiku. Mkutano wa kijiji ukikaa mapema, kabla ya mthamini kuja, ukaandika majina ya wenyeji wa kweli, ukawatenga wa tegesha, ukadai kwamba mikataba yote isomwe hadharani kwa Kiswahili, hapo kila mwenye shamba ataingia chumbani akiwa na kijiji kizima nyuma yake.

Maandiko yametuonyesha habari hizi zamani. Yakobo alimtumikia Labani miaka mingi, na ujira wake ukabadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa hapakuwa na shahidi kati yao. Mwishowe walirundika mawe, yakawa ushahidi wa agano, ndipo wakaachana kwa amani. Na shamba la mizabibu la Nabothi lilichukuliwa kwa hati iliyotiwa muhuri wa mfalme, nao wazee wa mji wakafanya kama walivyoagizwa. Muhuri ulikuwapo na wazee walikuwapo, lakini haki haikuwapo, kwa sababu hakuna aliyesimama pamoja na mtu mmoja.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe anakwenda mgodini na amwulize maswali matatu: umepewa nakala ya mkataba, umejiunga na chama, na kazi ikikoma utarudishwaje? Na mwenye shamba karibu na mgodi aweke sandukuni nakala ya kila karatasi, ya vipimo, ya picha, ya mapatano, hata risiti za mabati. Dhahabu ya Nyamongo itakwisha siku moja, na kampuni itafunga virago. Watakaobaki kando ya mto Mara ni watoto wetu, nao watazifungua zile sanduku ili wajue tulikubali nini kwa ajili yao.